Chicago House, Luxor: kwa nini bado wanachora kuta wakati kamera zipo?

Mwalimu_wa_Kale

Habari za humu, wakuu. Naandaa mada kwa wanafunzi wa akiolojia kuhusu Chicago House, kituo cha Chuo Kikuu cha Chicago kilichopo Luxor, Misri. Historia yake ninayo: James Henry Breasted alikianzisha mwaka 1924, kazi ikaanzia Medinet Habu, hekalu la Farao Ramesses III ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, na mwaka 1931 wakahamia jengo la sasa upande wa mashariki, kati ya hekalu la Luxor na Karnak. Ninachokosa ni kazi yenyewe. Mchoro mmoja unapita hatua zipi mpaka uchapwe? Kwa nini wachore kwa mkono? Na ile chumvi inayokula mawe ya Luxor wanaikabili vipi?

Wino_na_Penseli

Karibu, Mwalimu. Naanza na la pili kwa sababu hatua zote zinatokana nalo.

Kamera inanasa mwanga wa saa ile tu. Jua likipiga kutoka kushoto, mkato wa patasi unaolala sambamba na miale haupati kivuli, na kwenye picha haupo. Pili, kamera haichagui. Kiota cha nyigu, ufa, mkwaruzo wa juzi na mkato wa fundi wa Farao vyote vinatoka kwa uzito mmoja. La tatu ndilo linalowanasa wengi: fundi wa kale alipokosea, tuseme mguu wa farasi, alijaza plasta kwenye mkato wa kwanza akachonga upya pembeni, kisha rangi ikafunika yote. Leo rangi na plasta vimedondoka. Picha itakuonyesha farasi mwenye mguu wa ziada. Mtu aliyesimama ukutani na kioo cha kumulikia mwanga wa pembeni ataona kwamba mkato mmoja bado una mabaki ya plasta ndani, na atajua upi ulikuwa wa mwisho.

Sasa hatua, kwa utaratibu wa asili wa kituo hiki:

Mpiga picha anatumia kamera ya negativu kubwa, hadi inchi 8 kwa 10, lenzi ikiutazama ukuta moja kwa moja. Kamera ikiinama kidogo tu, duara la jua juu ya kichwa cha mfalme linakuwa yai, na kosa hilo linahamia kwenye mchoro wote. Picha inakuzwa, mara nyingi hadi inchi 20 kwa 24.

Mchoraji anaibandika kwenye ubao, anapanda nayo ngazi, na kuchora kwa penseli juu ya picha yenyewe huku macho yake yako kwenye jiwe. Akirudi studio anapitisha wino juu ya penseli. Halafu picha inafutwa kwa dawa yenye iodini: sura ya picha inayeyuka, wino unabaki peke yake kwenye karatasi nyeupe. Hapa wino lazima uwe wa kustahimili maji, la sivyo unaondoka pamoja na picha.

Mchoro huo unatolewa nakala ya bluu, kama zile za ramani za majengo. Nakala inakatwa vipande vidogo na kila kipande kinabandikwa katikati ya karatasi yenye nafasi pembeni. Msomaji wa hieroglifu, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale, anakwenda nazo ukutani, analinganisha alama moja moja, na kuandika masahihisho pembeni. Msomaji wa pili anapita juu ya kazi ya wa kwanza, naye akiwa ukutani. Kisha karatasi zinarudi kwa mchoraji, ambaye hasahihishi kitu kabla ya kwenda kukiona mwenyewe. Wasipoafikiana wanarudi wote mbele ya jiwe. Mkurugenzi anakagua mwisho.

Ni kazi ya polepole mno, na ninaitetea. Juzuu ya kwanza ya Medinet Habu ilitoka 1930, ya nane 1970, na wataalamu bado wanazifungua bila wasiwasi.

Mstari_Mnene

Nyongeza ndogo kwa wanafunzi: wafundishe kusoma unene wa mistari, maana bila hapo mchoro utawapotosha. Wanachukulia kwamba mwanga unatoka juu kushoto. Mchongo uliojitokeza unapata mstari mnene upande wa chini na kulia, kule kivuli kinakoangukia. Mchongo uliozama ndani ya ukuta ni kinyume chake: mnene juu na kushoto. Kwa hiyo mtu akitazama mstari peke yake anajua kama umbo limeinuka au limezama, bila maelezo.

Tena wasisahau kuchora uharibifu. Kwenye Ukumbi wa Nguzo wa hekalu la Luxor, nakshi za Opet, sikukuu ya kila mwaka ya mungu Amun, zilichongwa zama za Farao Tutankhamun, baadaye Farao Horemheb akachonga jina lake juu ya la Tutankhamun. Ndani ya duara la jina, ile fremu inayozunguka jina la mfalme, zimebaki alama hafifu za jina la kwanza. Mchoraji "msafi" angeziruka aonekane nadhifu, na hapo angefuta ushahidi wa nani aliyechongesha nakshi hizo.

Mwalimu_wa_Kale

Asanteni sana, hili la plasta sikulitarajia. Je, siku hizi hawatumii kompyuta? Na chumvi?

Wino_na_Penseli

Wanatumia. Picha za kupishana zinapigwa, kila moja ikiingia kwenye mwenzake kwa asilimia 60 hadi 80, pamoja na kipimo na kadi ya rangi. Programu inaziunganisha kuwa picha moja iliyonyooka, na mchoraji anachora juu yake kwa kalamu ya tableti, katika tabaka tofauti: mchongo, rangi, uharibifu. Iodini na nakala ya bluu ndizo zilizopata mbadala. Ulinganishaji wa ukutani umebaki, wasomaji wawili vilevile.

Chokaa_Safi

La chumvi nalichukua mimi.

Mahekalu ya Luxor yamejengwa kwa jiwe la mchanga, kwa sehemu kubwa kutoka machimbo ya Gebel el-Silsila. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya jiwe yakibeba chumvi. Yakifika karibu na uso yanakauka, chumvi inaganda kuwa fuwele, na fuwele zinasukuma chembe za mchanga. Ukaukaji ukitokea juu ya uso unaona unga mweupe, hilo si baya sana. Ukitokea milimita chache ndani, ngozi yote ya jiwe inabanduka pamoja na nakshi. Kilimo cha umwagiliaji wa mwaka mzima baada ya Bwawa Kuu la Aswan, hasa mashamba ya miwa ng'ambo ya magharibi, pamoja na majitaka ya mji, vimezidisha tatizo. Mitambo ya kushusha maji ilianza kazi Luxor na Karnak mwaka 2006, na baadaye ng'ambo ya magharibi. Maji yakishuka, jiwe linaanza kukauka na chumvi inatoka kwa wingi kwa muda. Iondoe kwa brashi laini, kavu. Ukiosha unairudisha ndani.

Makumi ya maelfu ya vipande vilivyolazwa chini kuzunguka hekalu la Luxor vilikuwa vinanyonya maji moja kwa moja. Chicago House walivipandisha kwenye majukwaa ya matofali yenye tabaka la kuzuia unyevu. Hatua hiyo ndiyo inayotangulia dawa yoyote.

Jiwe linalomung'unyika hupewa etili silikati, kimiminika kinachokutana na unyevu wa hewa na kuacha silika, madini yaleyale ya mchanga, kati ya chembe. Jiwe liwe kavu na chumvi iwe imepunguzwa, maana dawa hii haiondoleki tena na chumvi itafungiwa nyuma yake. Pakeni kivulini, lisiwe jua la mchana, kwa sababu inaruka hewani kabla ya kuzama. Subirini kama wiki 4 kabla ya kupima ugumu.

Chumvi inavutwa kwa bandiko la rojo la karatasi na maji yaliyotoneshwa, unene kama sentimita 2, juu ya karatasi nyembamba ya Kijapani ili nyuzi zisigande kwenye jiwe. Likikauka linabanduliwa na kuwekwa jingine. Penye rangi ya kale acheni kabisa: rangi za Misri zimeshikwa na gundi inayoyeyuka kwa maji, mtabandua rangi pamoja na chumvi.

Viraka vya saruji ving'olewe na kuzibwa kwa chokaa na mchanga, karibu 1 kwa 3. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu, basi maji yanatafuta njia kupitia nakshi jirani. Wenzetu wanaotunza magofu ya matumbawe huku pwani wanaijua vizuri adha hiyo.

Mstari_Mnene

Mwalimu, juzuu za Medinet Habu zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya taasisi yao, ambayo tangu 2023 inaitwa Institute for the Study of Ancient Cultures. Chapa bamba moja (ukurasa wa picha wa juzuu) lenye mchoro na picha ya ukuta huohuo kwenye A3. Wape wanafunzi picha kwanza wachore wenyewe, kisha waweke mchoro wa kituo pembeni na kuandika kila tofauti kwenye ukingo wa karatasi. Chagua bamba lenye duara za majina, ndiko makosa yanakojificha.