Mji Mkongwe: tumelipa kufungiwa chumbani, tukaambiwa tumeshindwa kwa kuijua historia

Wakuu, ndiyo kwanza nimetoka huko na hasira hazijashuka, mnivumilie.

Kuna jumba moja Mji Mkongwe, jina silitaji wasimamizi wasije wakafuta uzi, wanauza ule mchezo wa kufungiwa chumbani. Mnaingia kikundi, mlango unafungwa, mnasaka vidokezo na kufungua makufuli ya namba mpaka mpate njia ya kutokea. Dakika 60 zikiisha, mmeshindwa. Bei wanaitaja kwa dola, mtoto analipa sawa na mtu mzima, na karatasi zote humo ndani ni Kiingereza kitupu. Hayo nayaacha, tumeshayazoea.

Kisa chenyewe: ni tarehe 27 Agosti 1896, mmo ndani ya kasri na Sayyid Khalid bin Barghash aliyejitangaza sultani, manowari za Waingereza zimejipanga bandarini, mnatakiwa mtoroke. (Vita vile vilichukua dakika 38 hivi, wao wanatupa 60, lakini haya.) Tulikuwa mimi, mke wangu na watoto, jamaa yangu wa Mbeya na mchumba wake, pamoja na shangazi yangu wa Vuga. Shangazi kafundisha historia skuli za Unguja mpaka kastaafu. Nikajua leo tunatoka mapema.

Na kweli mwanzo tulikwenda mbio. Watoto wakauona ufunguo ndani ya birika, shemeji wa Mbeya akamaliza kasha la pili bila kuuliza mtu. Tukafika kufuli la mwisho, tarakimu nne: soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka gani? Shangazi hakufikiri hata kidogo. 1873. Kufuli halikufunguka. Tukarudia polepole, labda namba zimekwama. Wapi! Tukabonyeza kengele ya kuomba msaada, na hapo hapo umeme ukakatika.

Sasa hapa msome vizuri. Mlango ulikuwa umetiwa komeo la kweli, kwa nje. Taa ya dharura hakuna. Dirisha ni moja na lina nondo. Kengele nayo inategemea umeme huo huo. Tunagonga, tunaita, kumbe kijana mwenye kazi yake kashuka chini kuhangaika na jenereta. Majumba yale mnayajua, kuta nene za mawe, sauti haifiki popote. Mwanangu wa mwisho analia, shangazi ana presha. Januari 2019, mji wa Koszalin kule Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikufa kwa moto ndani ya mchezo kama huu huu kwa sababu walishindwa kutoka. Anayeendesha biashara hii halafu anaweka komeo kwa nje anafikiria nini?

Kijana akarudi, akafungua huku anacheka: "Poleni, muda wenu umekwisha." Tena anataka kutupiga picha tumeshika kibao cha walioshindwa! Shangazi akamuuliza, "Mwanangu, hebu nambie, jibu la lile kufuli ni lipi?"

"1897, bibi."

Jamani. Shangazi akakaa kibarazani, somo likaanza. Sultani Barghash, babake Khalid, katia saini mkataba na Waingereza Juni 1873, soko likafungwa, na kanisa la Mkunazini likajengwa pale pale lilipokuwa. 1897 ni Sayyid Hamoud, alipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa. "Na huyo Hamoud kawekwa baada ya Khalid kukimbia! Sisi tumo mwaka 96, kufuli linataka mwaka ambao haujafika!"

Meneja akaitwa. Jibu lake: "Bibi, mfumo ndivyo ulivyo. Wageni wote wakifika hapo wanaomba msaada, tunawapa namba, wanafurahi."

Yaani kila kikundi kinakwama hapo, kinapewa mwaka wa uongo, kinapanda ndege nao. Na Mkunazini ni kwa miguu tu kutoka pale, angemtuma hata huyo kijana wa jenereta akaulize.

Khalid mwenyewe alitoka, wakuu! Alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, wakamvusha mpaka Dar. Sisi tuliovuka kutoka Dar ndio tumeshindwa.

Nikadai hela yangu. Eti walioshindwa hawarudishiwi. Nikamwambia hatujashindwa, jibu tulilitoa mara mbili. Akanipa kuponi ya kurudi kucheza tena kwa punguzo.

Wenye uzoefu nisaidieni: lile komeo nalipeleka Kamisheni ya Utalii au nianzie zimamoto? Risiti ninayo, video ya mlango ninayo. Wa kuja kuniambia "ni mchezo tu" apite kimya kimya. Suala la mwaka mwachieni shangazi, keshaandika barua ya kurasa tatu kwa mkono na anasubiri anwani tu.