Afisa wa usalama kiwandani: nikope nilipie NEBOSH au nihamie upande wa mazingira?

Mtu_wa_Buti: Wadau, hamjambo. Mimi ni afisa wa usalama na afya kazini, kiwanda kimoja cha chuma hapa Industrial Area, Nairobi. Tunayeyusha vyuma chakavu, tunavuta nondo. Nimechoka na joto la tanuri, kelele, na kuitwa polisi wa helmeti. Njia ni mbili: nikope nilipie NEBOSH, kile cheti cha kimataifa cha usalama kazini, nijaribu Qatar, au nisomee tathmini ya mazingira nisajiliwe na NEMA, mamlaka ya mazingira. Naombeni ushauri, na haraka kidogo. Usiku silali.

Fundi_Kariobangi: Qatar usiende bila kandarasi mkononi. Mimi nilienda kama mchomeleaji, nikajikuta nabeba mabomba juani. Chakula ni wali, wali, wali. Siku ya kurudi nilipitia soko la Burma kula nyama kabla ya kufika nyumbani, na mke hajasahau mpaka leo.

Mama_Donholm: Mwanangu, kazi siku hizi zinatafutwa kwa tochi. Shukuru Mungu. Na kama hujaoa, oa.

Wakili_wa_Mtaa: Cheti hakimnyimi mtu usingizi. Kuna nini huko kiwandani?

Mtu_wa_Buti: Si kitu kikubwa. Kuna kijana, kibarua, rola zilimshika mkono. Vidole vitatu. Mdosi anataka niandike kwamba alifunzwa akapuuza.

Wakili_wa_Mtaa: Alifunzwa?

Mtu_wa_Buti: Mafunzo yalikuwa yamepangwa. Vibarua wa leo si wa kesho, nani atawamaliza? Rejista ya mafunzo niliijaza ndiyo mambo yalingane tu. Sijamdhuru mtu. Si bima italipa? Nina deni la HELB, mkopo wa chuo, na mtoto shuleni. Wewe ungefanyaje?

Wakili_wa_Mtaa: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aiarifu idara ya usalama kazini kuhusu ajali, kwa maandishi, ndani ya siku 7. Mtu akifa, habari ifike ndani ya saa 24. Sasa upande wa fidia, WIBA, sheria ya fidia kwa walioumia kazini, haimnyimi mfanyakazi kwa sababu aliteleza. Inayoweza kumponza ni ikionekana alikaidi makusudi. Umeelewa mdosi anachonunua kwa sahihi yako?

Kapteni_Kreni: Ngojeni kwanza. Kibarua hajafunzwa, rola, rejista ya uongo, bosi anashinikiza. Mtihani wa NEBOSH siku hizi unapewa hadithi ya kazini kama hii, unajibu ukiwa nyumbani, umepewa saa 24. Ndiyo maana ana haraka! Watu wazima tumekaa hapa tunamfanyia mtu mtihani.

Fundi_Kariobangi: Basi na mimi nipewe alama zangu za Qatar.

Mama_Donholm: Kumbe! Na nilikuwa nimeshamwombea.

Mtu_wa_Buti: Mtu ameuliza kama akope pesa za kusoma, mnasema yuko kwenye mtihani? Chuma kilikwama kwenye laini, kijana akaingiza koleo mashine ikizunguka.

Kapteni_Kreni: Hadithi hata mwanangu anatunga. Niambie hivi: mashine ikikwama huko kwenu, swichi inafungwa kwa kufuli ya nani isije ikawashwa mtu akiwa ndani, na ufunguo anabaki nao nani?

Mtu_wa_Buti: Kufuli ziko stoo, bado ziko ndani ya karatasi. Zilinunuliwa wakaguzi walipokuwa wanakuja. Ukizima laini, mdosi anapigia supavaisa kuuliza ni tani ngapi zimepotea, na supavaisa anakuja kunifokea mimi. Mnataka nifunge kwa kufuli ya nani?

Kapteni_Kreni: Aa. Basi uko huko kweli. Samahani, ndugu.

Wakili_wa_Mtaa: Fomu ya ajali imeshaenda?

Mtu_wa_Buti: Iko dawatini. Ukurasa wa kwanza nimeshatia sahihi, umebaki mmoja. Lakini naona hakuna aliyenijibu kuhusu NEMA.

Wakili_wa_Mtaa: Kuhusu NEMA tutaongea. Huo mmoja usiutie. Na huyo kijana, kuna mtu amemwambia ana miezi 12 ya kudai fidia?

Mtu_wa_Buti: Amerudi kwao Kitui. Simu yake haipatikani.

Dipu_wa_Mukuru: Poleni kwa kuingilia. Hiyo nafasi itabaki wazi lini? Nina diploma ya usalama kazini, naishi Mukuru, nauli sihitaji. CV nitume kwa nani?