Kotingi ya seramiki kwenye gari huku Mtwara, nitajuaje kama bado ipo au imeshakwisha?

Mtu wa Shangani
Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara mjini nina IST nyeusi, na nyeusi mnaijua inavyosumbua. Kuna jamaa wa Dar anataka laki kadhaa anipigie kotingi ya seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ikakauka kuwa tabaka gumu la kuilinda, anasema hapo miaka mitano sina presha, fundi wangu wa mtaani anasema achana nayo piga waksi inatosha. Sasa mimi siulizi ipi nzuri, nauliza mtu unapimaje? Maana ikikata roho mwaka wa kwanza huyo jamaa nitamshika wapi, na gari linalala nje upepo wa bahari usiku kucha, wikiendi napandisha Newala kwa wazee. Nataka aliyepima mwenyewe, siyo aliyesoma kwenye kopo. Natanguliza shukrani.

babu_msimbati
Miaka mitano hiyo namba yake ya simu itakuwa hewani? 😂

Fundi Rangi Kusini
Mkuu usimpe gari zima, mpe boneti. Boneti inapigwa jua juu na joto la injini chini, kitu kikidumu pale milangoni ndo kabisa. Osha, piga polishi, futa na spiriti mafuta yote yatoke ili pande zote zianze sawa. Halafu piga tepu ya karatasi, upande mmoja kotingi, mwingine waksi, katikati acha kama upana wa kiganja bila kitu chochote. Hapo pa katikati watu wanaparuka na ndo pa muhimu, bila hapo hujui unalinganisha na nini. Waksi ya kanauba, ile nta ya mmea, usiitegemee sana kwa jua letu, wiki kadhaa ukijitahidi miezi michache. Kila mwisho wa mwezi mwagia maji piga picha. Matone yakiwa ya duara na yanateleza yenyewe bado ipo, maji yakitandaa kama kwenye sahani ya bati inaondoka.

Nyangao_Express
Fundi hapo kwenye maji nakupinga kidogo. Maji kutandaa siyo lazima imekufa, mara nyingi ni uchafu umeifunika, vumbi la njiani, moshi wa malori, chumvi. Osha vizuri kwanza ndo uhukumu. Na kinyume chake kipo, kuna shampoo zina waksi ndani, ukiosha nazo hata pale katikati pasipo na kitu patatoa matone mazuri tu, hapo ujue sabuni inakudanganya.

Fundi Rangi Kusini
Sawa hilo nakubali. Aoshe na shampoo isiyo na waksi, na asipeleke kwa hawa vijana wa sabuni ya unga, ile inakwangua waksi fasta halafu jaribio zima limeharibika.

mama_korosho
Na maji ya kisima yenye chumvi jamani msisahau, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe kotingi iwepo isiwepo. Futa na taulo palepale. Msimu wa korosho usipaki chini ya mkorosho, bibo likidondoka likakaukia juu ya rangi hilo doa utalisugua mpaka unune. Halafu mdogo wangu, chumvi ya bahari inaanza kula kule chini kwenye chasisi na kwenye mikunjo ya milango, kotingi inakaa juu ya rangi tu, kule chini haifiki. Hela ikibaki piga dawa ya kuzuia kutu chini ya gari.

Mtu wa Shangani
Asante dada. Jamaa anasema pia ni 9H, jiwe halichubui?

Nyangao_Express
Muongo. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli, wanakwaruza kwa penseli ngumu, siyo kwa kokoto inayorushwa na lori la mbele yako. Mwambie pia hiyo miaka mitano aiandike na masharti yake, maana garantii nyingi za hivyo zinadai ukaguzi kila mwaka, sasa wewe utapeleka gari Dar kila mwaka kumwagiwa maji?

Mtu wa Shangani
Nimemwambia aniuzie kichupa kidogo cha boneti tu, kanuna lakini katuma. Jumamosi naanza. Fundi tepu natoa saa ngapi?

Fundi Rangi Kusini
Ukishafuta kotingi iliyozidi tu, usisubiri ikauke kabisa utabaki na mstari. Na fanyia kivulini, boneti ikiwa ya moto itakaukia mabaka mabaka na kuyatoa ni mpaka polishi upya.