Haiwei za Marekani: kati ya serikali kuu na jimbo nani hasa anasimamia?

Dereva wa Usiku:
Wakuu habari za humu. Naendesha lori huku Marekani, kuna kipande cha haiwei napita karibu kila wiki, yale mapipa ya rangi ya chungwa yamepangwa tangu mwanangu wa pili hajazaliwa na sasa mtoto anakimbia, lami hatujaiona. Ila Philadelphia 2023 lori la mafuta liliwaka chini ya haiwei ya I-95, barabara ikaanguka tarehe 11 Juni, tarehe 23 magari yanapita. Siku 12! Sasa hizi barabara ni za Washington au za jimbo, na mbona kule waliweza?

ZegeBichi:
Mkuu barabara ni ya jimbo. Jimbo ndo linachora, linatangaza tenda, linamlipa mkandarasi, halafu linapeleka bili FHWA, wakala wa barabara wa serikali kuu, linarudishiwa, kwa intasteti, zile haiwei kuu za kuunganisha majimbo kama hiyo I-95, mara nyingi asilimia 90. Yule ameshika mfuko, sio koleo. Mimi mkaguzi wa jimbo, zege likija naangalia tiketi ya gari, najaza koni ya chuma, naivua, napima limeshuka inchi ngapi, likizidi kipimo gari linarudi lilikotoka. Mtu wa FHWA mwaka jana nimemuona mara mbili tu. Wana ofisi kila jimbo na mkataba wa nani akague nini, miradi mingi wametuachia, ila ikifika dola milioni 500 hapo mpango wa fedha lazima upite kwao na unahuishwa kila mwaka.

Mama Makaratasi:
Na Philadelphia hawakujenga daraja kwa siku 12 jamani, walijaza pale kwa kokoto nyepesi za kioo chakavu wakapiga lami juu, daraja lenyewe likafuata. Ilikuwa dharura, sehemu ileile, hakuna ardhi ya kununua, kwahiyo karatasi za mazingira zilikuwa chache. Mradi wa kawaida unakwama humo. Ripoti kubwa ya mazingira ilikuwa inakula miaka, sheria ya 2023 ndo ikaweka miaka 2 na kurasa 150. Njia nyingine ni jimbo kupewa idhini ya kupitisha lenyewe hizo ripoti badala ya FHWA, California walianza 2007, Texas 2014, Florida 2016, unaokoa ile safari ya faili kwenda na kurudi.

Kijana wa Ohio:
Hiyo si fisi kulinda bucha? Anayejenga ndo anajipitishia?

Mama Makaratasi:
Hata mimi nilisema hivyohivyo mwanzoni. Ila jimbo likichukua hiyo kazi linakubali kushtakiwa mahakama ya shirikisho, na FHWA wanakuja kukagua mafaili. Wanasheria wa jimbo hawalali kwa hilo, ndo maana majimbo mengi hayajaitaka.

ZegeBichi:
Dereva, hapo kwako kuna greda au mapipa tu? Chini kuna alama zozote za rangi?

Dereva wa Usiku:
Mapipa tu. Alama zipo, njano na nyekundu kwenye majani pembeni, nikajua watoto wamechezea rangi.

ZegeBichi:
Watoto wapi haha. Njano gesi, nyekundu umeme. Wenye mabomba na nyaya hawajahamisha vitu vyao, na hao hawako chini ya mkandarasi wetu. Ukiona wanachimba mtaro ndo uanze kuhesabu siku.