Ribiti za fremu ya Willys MB: za moto, za baridi au bolti?

GerejiYaUani
Wakuu, nina fremu ya Willys MB (jeep ya kijeshi) ya 1943. Boriti ya kukingama ya nyuma imeliwa na kutu, na nyingine ipo tayari. Ribiti (pini za chuma zinazopondwa ncha kuwa kichwa) za kiwandani ni za inchi 3/8, kichwa cha mviringo, na mabamba mawili yakilaliana yanatoa unene wa milimita 6. Vifaa vilivyopo: mitungi ya oksijeni na asetilini, presi ya tani 20, mashine ya kuchomelea. Nipige ribiti za moto, za baridi, au nifunge bolti? Kuna fundi anashauri nichomelee boriti, kisha niweke vichwa vya ribiti vya bandia juu ya bamba, basi.

KoleoNaNyundo
Vichwa vya bandia achana navyo hapo. Boriti ya nyuma ndiyo inayobeba ndoano ya kuvutia trela, na fremu ya jeep imeundwa ijipinde kidogo barabarani. Ukichomelea, bamba linakuwa gumu pembeni mwa weldi na ufa unaanzia hapo hapo.

Kutoa za zamani: usikate kwa moto, utaharibu tundu. Saga kichwa kwa grainda mpaka kibaki bapa, piga alama katikati, toboa kwa keekee ya milimita 8, kisha sukuma mwili wa ribiti utoke kwa panchi. Ukikosea katikati, tundu linakuwa la yai. Likiwa hivyo, lipanue kwa rima (keekee ya kusawazisha tundu) hadi milimita 11.5 uweke ribiti ya inchi 7/16.

Urefu: unene wa mabamba jumlisha mara moja na nusu ya kipenyo. Kwako (inchi 3/8 ni milimita 9.5) ni 6 + 14 = milimita 20. Kama tundu lina milimita 10.3, ongeza milimita 1, kwa sababu chuma kinajaza tundu kwanza kabla ya kutengeneza kichwa. Ribiti fupi hutoa kichwa chembamba. Ndefu humwagika pembeni na kuacha ukingo kama sahani.

Banana mabamba kwa bolti kwenye kila tundu la pili, uyakaze kabisa. Nyundo haivuti mabamba pamoja. Pakiwa na nafasi, chuma cha ribiti kitaingia humo na kiungo hakitakaza kamwe.

Pasha hadi rangi ya chungwa inayokaribia njano. Ikianza kutoa cheche imeungua, itupe. Msaidizi akinge kichwa ambacho ribiti ilikuja nacho kwa chuma kizito chenye kikombe kilichochongwa kufuata umbo la kichwa, uzito wa kilo 5 au zaidi. Wewe piga mapigo mazito ya wima kwanza ili mwili uvimbe tunduni, halafu malizia kwa chuma chako chenye kikombe. Maliza kabla haijafika wekundu uliofifia. Ribiti ikipoa husinyaa na kuyabana mabamba. Hiyo ndiyo faida ya moto ambayo baridi haina. Ribiti ndogo hivi hupoa ndani ya sekunde chache, kwa hiyo mwali uwe palepale penye fremu.

Hesi_na_Nati
Asiye na msaidizi, bolti si aibu, mradi ziwe za kweli. Chukua M10 (kipenyo cha milimita 10) ya daraja la nguvu 8.8 yenye mwili usio na hesi (mikato ya kuzungushia nati) unaofunika milimita 6 zote za mabamba, na pete ya washa chini ya nati. Hesi zikikaa kwenye maungio ya mabamba hutafuna tundu na kiungo kinalegea. Tundu liwe la milimita 10 kamili kwa rima. Bolti ndani ya tundu la 10.3 inaweza kucheza.

Kwa sura: kereza kichwa cha pembe sita kiwe kuba la kipenyo cha milimita 16.5. Kichwa cha ribiti ya 3/8 kina karibu 16.7, jicho halitaona tofauti. Kichwa cha mviringo hakishikiki, kwa hiyo saga bapa mbili kwenye ncha ya hesi, shika kwa spana ya 7, kaza nati hadi Nm 45. Nati iwe ya kujifunga ya chuma kitupu. Ncha ikatwe baadaye.

GerejiYaUani
Shukrani sana. Na presi ya tani 20? Je, ribiti za kuvuta kwa bunduki?

KoleoNaNyundo
Presi, kwa chuma baridi, itumie kwenye ribiti za inchi 1/4 za mabano madogo. Kwa 3/8 baridi tani 20 ni kidogo, kichwa hakitakamilika. Ribiti yenyewe iwe ya chuma laini. Wanaokata vipande vya nondo au bolti wanapata kichwa kinachopasuka.

Za kuvuta kwa bunduki zina tundu katikati na nguvu ndogo ya kukatika. Ziishie kwenye vibao vya majina na mabati mepesi.

Hesi_na_Nati
Kabla ya kufunga, sugua nyuso zinazokutana hadi chuma cheupe, paka praima ya zinki koti moja jembamba. Rangi nene husagika, mabamba yanalegea. Kutu ikiachwa katikati huvimba na kusukuma mabamba yaachane hata ribiti ikiwa nzima.

Kupima: weka kidole upande mmoja wa kichwa, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Iliyokaza inalia kama fuawe. Iliyolegea inatetemeka chini ya kidole. Hiyo usiipige tena ikiwa baridi, itoe uweke mpya.