Msaada: matukio yamepanda tangu kituo cha polisi kifunguliwe, nichukue fremu hapo au niache?

Mama Miamala
Wakuu, kwema?

Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Temeke, huu mwaka wa sita. Nataka kufungua fremu ya pili na nimebakiwa na sehemu mbili. Moja iko hatua chache kutoka kituo kidogo cha polisi kilichofunguliwa mwaka juzi. Nyingine iko mtaa wa ndani, kimya, hakuna kituo karibu. Roho yangu iko kwa ile ya kwanza, mzunguko wa watu pale ni mkubwa.

Kasheshe ni mume wangu. Kwenye mkutano wa mtaa ilisomwa taarifa ya ulinzi na usalama, na matukio yaliyoripotiwa upande wa kituo yamepanda sana tangu kifunguliwe. Kule kwingine karibu hakuna kitu. Mzee kashikilia hapo hapo: "Namba hazidanganyi, unawapelekea wezi droo yako." Mwenye fremu anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, mwisho Jumamosi. Hizi takwimu zinasomwaje?

Kibonge wa Tandika
Msikilize mzee. Kituo kipo na bado wanaiba? Kimbia.

Karani Mstaafu
Dada, usikimbie kwanza. Nimeshika madaftari miaka mingi, nikueleze ile namba inazaliwaje.

Mtu anaibiwa jiko la gesi usiku. Asubuhi anajiuliza: niende kituoni au niende kibaruani? Kituo kikiwa mbali, anapiga hesabu ya nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na foleni ya kaunta, anaona bora anunue jiko jingine. Tukio hilo halimo popote. Serikali ikijenga kituo jirani, mtu yule yule anavuka barabara na kandambili zake, anaandikiwa RB, ile namba ya taarifa yake kwenye daftari la polisi. Wezi ni wale wale, ila daftari limenenepa. Ule mtaa wenu wa kimya huenda ni salama kweli, au watu wake wamekata tamaa ya kuripoti. Karatasi haiwezi kukutenganishia hayo mawili.

Halafu uliza ni matukio gani. Polisi wanayagawa: makosa dhidi ya binadamu, ya kuwania mali, na dhidi ya maadili ya jamii. Hilo la mwisho lina bangi na gongo. Hakuna mtu anayekwenda kuripoti kuwa kauziwa gongo, kwa hiyo namba hiyo hupanda askari wakifanya misako na hushuka wakipumzika. Kwa mwenye droo ya pesa kama wewe, cha kuangalia ni kuwania mali.

Binti Mbagala
Naongezea kisa. Mwaka jana nilipokwapuliwa simu dirishani kwenye daladala, nilienda kituo kimoja, sikitaji. Askari akaniuliza, "Unamjua aliyeiba?" Simjui. "Basi tuandike umepotelewa, upate karatasi ukarudishe laini." Nilikuwa na haraka, nikakubali. Nikatoka na losi ripoti, na wizi wangu ukageuka uzembe wangu 😂

Ughaibuni Leicester
Binti Mbagala, usidhani ni huko tu. Huku Uingereza, mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walipitia kumbukumbu za England na Wales wakakuta kama asilimia 19 ya makosa ambayo watu waliyaripoti hayakuandikwa inavyotakiwa. Zaidi ya 800,000 kwa mwaka! Makosa ya ukatili dhidi ya watu yalikuwa mabaya zaidi, asilimia 33, na ya kingono asilimia 26. Mwaka huo huo, mamlaka inayosimamia takwimu iliziondolea namba za polisi hadhi ya takwimu rasmi za taifa.

Kinachowasaidia ni njia ya pili. Tangu 1982 kuna watu wanaogonga milango na kuuliza wenye nyumba: miezi 12 iliyopita umeibiwa? Umepigwa? Uliripoti? Hata ambaye hajawahi kukanyaga kituoni anahesabiwa. Dar nayo ilifanyiwa uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2000, chini ya mpango wa Safer Cities wa UN-Habitat.

Kibonge wa Tandika
Kwa hiyo takwimu zote ni porojo?

Karani Mstaafu
Hapana, mdogo wangu. Mauaji ni magumu kuyafichia daftarini, maana maiti inapita hospitali, inapita kwa ndugu, inapita makaburini. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi, anzia hapo. Ila wizi wa kuku usinilinganishie.

Na angalia mgawanyo. Ukisikia "matukio kwa kila wakazi 100,000", uliza wakazi gani. Sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022. Sasa Kariakoo wanalala wangapi, na mchana wanaingia wangapi? Mtu wa Gongo la Mboto akichomolewa pochi Kariakoo, wizi unaandikwa Kariakoo, yeye anahesabiwa kwao. Kariakoo lazima ionekane pango la wezi.

Mswahili wa Likoni
Huku kwetu Kenya daftari laitwa OB, lakini mambo ni hayo hayo. Bila nambari ya OB bima hailipi, ndiyo maana wizi wa gari huripotiwa sana na wizi wa nguo kwenye kamba hauripotiwi kabisa.

Wakala Mwenzio
Dada, fanya kama hao wagonga milango. Zunguka fremu zote za mitaa yote miwili, swali liwe moja: tangu Januari mwaka jana umevunjiwa au kuporwa mara ngapi? Usiulize "hapa pakoje", kila mtu atasifia kwao. Angalia pia wanafunga saa ngapi, na unene wa nondo za grili. Mfanyabiashara hatumii hela kwenye nondo kwa urembo.

Mama Miamala
Nimerudi, asanteni wote. Jana nimezunguka na daftari la mtoto. Upande wa kituo nimeuliza fremu 14: mbili zimevunjwa, zote wameripoti. Mtaa wa kimya nimeuliza 9: nne zimevunjwa, moja mara mbili, na aliyeripoti ni mmoja tu. Saa moja jioni wameshafunga wote, na muuza duka la dawa anahudumia kupitia kitundu cha grili.

Mzee nimempa daftari asome mwenyewe. Kasoma mara mbili, kanyamaza, halafu kaniuliza grili ya mita mbili inauzwaje. Mwenye fundi mzuri wa kuchomelea Temeke anicheki PM, Jumamosi nalipa kodi.