Tupeane uzoefu: kueleza kazi za awali na mambo tunayoyapenda tunapoomba kazi kwa mawakili

Mwanzisha mada, Dodoma mjini
Ndugu zangu, salaam. Wengi tuliomaliza shahada ya sheria tunakwama tunapofika kwenye kazi zisizo za kisheria tulizowahi kufanya. Naanza na langu. Kabla ya chuo nilimsaidia mama mdogo kuuza nafaka soko la Majengo kwa miaka miwili, na katika maombi yangu ya mwanzo nililificha jambo hilo kwa kuona aibu, nikajaza maneno kama "mchapakazi" na "ninayejituma". Nilituma maombi saba na sikujibiwa hata moja. La nane nikaandika: "Nilitunza daftari la madeni la wateja wapatao arobaini, na palipotokea ubishi wa malipo nilirejea maandishi mbele ya pande zote mbili." Niliitwa. Wakili aliyenisaili aliweka kidole juu ya sentensi hiyo akauliza nilifanyaje mteja alipokana saini yake, na hapo tukazungumza kuhusu ushahidi wa maandishi kwa muda mrefu kuliko alivyoniuliza kuhusu matokeo yangu ya chuo.

Binti Kondoa
Asante kaka. Mimi nilijitolea kwa wasaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kosa langu ni kwamba, kwa kutaka kuonyesha uzito wa kazi, nilieleza katika barua mgogoro wa shamba wa mama mmoja pamoja na jina lake na kijiji chake. Wakili alinirudishia barua ile mezani akasema kwamba anayetoa siri ya mteja wa jana atatoa na ya mteja wake kesho. Iliniuma sana, lakini alikuwa na haki. Sasa naandika tu kwamba nilipokea malalamiko ya ardhi ya vijiji na kuwaelekeza wahusika kwenye baraza linalostahili. Ukiandika hivyo, jiandae kwa maswali: mimi niliulizwa baraza la kata limebaki na kazi gani katika migogoro ya ardhi baada ya marekebisho ya mwaka 2021, na nilijibu kwamba ni usuluhishi, si kutoa uamuzi.

Zabibu ya Hombolo
Kuhusu mambo tunayoyapenda, niliwahi kuandika "kusoma na kusafiri". Nikaulizwa kitabu cha mwisho nilichosoma, nikanyamaza. Nilibadilisha nikaandika jambo ninalolifanya kweli, yaani kuwaandikia wakulima wa zabibu wa kwetu makubaliano ya mauzo kwa Kiswahili chepesi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ofisi nyingi zinamhitaji mtu wa namna hiyo.

Mwanzisha mada
Na aliyefanya mafunzo kwa vitendo mahakamani akaishia kubeba majalada tu, aandike nini?

Mpwapwa Mjini
Ndivyo ilivyokuwa kwangu, dada na kaka zangu. Nilikaa masjala wiki nane. Nilikuwa nikiyapanga majalada ya siku inayofuata, na kila lililokosa uthibitisho kwamba hati ya wito ilimfikia mdaiwa nililiweka kando nikamjulisha karani mapema, kwa sababu bila uthibitisho huo shauri huahirishwa na watu wametoka mbali kwa nauli yao. Niliandika hayo, kama yalivyo.